Kelele za pembeni mwa uwanja zatuulia vipaji

Mashindano ya mitaa yakianza hapa Mombasa, mimi sina alasiri. Nikishaswali nateremka uwanjani na kiti changu cha plastiki. Wiki tatu zilizopita niliwatazama vijana wa chini ya miaka 15. Kulikuwa na winga mmoja wa kulia, mwembamba, na siku hiyo mpira ulikuwa umemkubali. Dakika 20 za mwanzo beki aliyemkaba hakujua ashike wapi. Kijana hakutazama watu, hakucheka, hakununa. Ni yeye, mpira na wenzake.

Kisha akapoteza pasi moja na wapinzani wakafunga. Kocha wake akaipiga chini chupa ya maji na kumwita jina nisiloweza kuliandika hapa. Babake, aliyesimama karibu nami, akaongeza lake. Tangu hapo kijana hakuomba mpira tena. Akipewa, aurudisha upesi kana kwamba wamchoma. Kipindi cha pili akampiga mwenzake teke, akala kadi nyekundu. Watu wakaondoka wakisema mtoto yule hana nidhamu.

Mimi nilichokiona ni mtoto aliyetolewa mchezoni na watu wazima muda mrefu kabla ya refa kumtoa.

Ile hali ya dakika 20 za kwanza imechunguzwa na wataalamu. Msomi Mihaly Csikszentmihalyi alizungumza na wakwea miamba, wacheza chess, wacheza densi na wacheza basketiboli, akatoa kitabu mwaka 1975. Wote walieleza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtu huzama katika anachofanya hadi hahisi saa zinavyokwenda. Hali hiyo huja pale kazi inapolingana na uwezo wa mtu, isiwe rahisi ikamchosha wala ngumu ikamtia hofu. Mtu ajue analolitafuta, na aone papo hapo kama amelipata. Na la muhimu zaidi kwetu, awe amesahau kujiuliza anaonekanaje mbele za watu. Hilo ndilo kelele hulivunja kwanza. Mtoto akianza kucheza huku sikio liko kwa babake, mchezo umekwisha.

Upande wa pili wa habari hii ni kile kinachoitwa akili ya hisia. Peter Salovey na John Mayer waliandika juu yake mwaka 1990, na Daniel Goleman akaipa umaarufu kwa kitabu chake cha 1995. Kwa ufupi ni kuitambua hisia yako inapopanda, kuitawala, na kuisoma ya mwenzako. Kwa Waislamu jambo hili si geni. Tumefundishwa na Mtume (SAW) kwamba mwenye nguvu hasa ni yule anayejizuia anapoghadhibika, kuliko anayewaangusha watu mieleka. Hadithi hii watoto wetu waisoma madrasa asubuhi, na jioni sisi wakubwa twaiacha nje ya uwanja.

Katika mchezo wa timu mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu hisia huambukiza. Mwaka 2000 mtafiti Peter Totterdell alichapisha uchunguzi wa timu za kriketi ya kulipwa. Aliona hali ya moyo ya mchezaji ikifuatana na ya wenzake, na wenye furaha wakihisi wanacheza vyema zaidi. Basi ukimvunja winga, umeigusa timu nzima.

Watazameni wasichana wetu wa Junior Starlets, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia, lile la wasiozidi miaka 17 mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika. Walifungwa 2-0 na Uingereza, kisha 3-0 na Korea Kaskazini. Mtoto aliyefungwa mara tano naye hajafunga hata bao ana kila sababu ya kuingia mechi ya tatu miguu mizito. Waliingia wakaichapa Meksiko 2-1. Ufundi haubadiliki hivyo ndani ya juma moja. Naamini kilichowabeba ni moyo uliokataa kubaki katika mechi zilizopita.

Najua wazee wa baraza watanijibu: sisi tulitukanwa, tukapigwa hata viatu, na Feisal ya Mombasa ikabeba ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Ni kweli. Lakini twawahesabu waliobaki. Wale walioacha mpira kwa kuvunjwa moyo hawamo katika picha za timu, wala hakuna anayewataja.

Kocha mmoja wa mtaa wa pili ana utaratibu ninaoupenda. Anayekosea huinua mkono, na aliye karibu naye humwambia neno moja: "Inayofuata." Basi. Mazoezini kocha huyo huwaonea makusudi, apuliza filimbi pasipo kosa, ili wajifunze kumeza. Anayechemka huambiwa akae chini kidogo, na hilo pia lina asili katika mafunzo ya Mtume. Hakuna senti iliyotumika. Nalitaja hili kwa sababu makocha wetu wengi hawalipwi na mipira hununua wenyewe, kwa hivyo sitaki kuwatwika mzigo wa semina za hotelini. Wazazi ndio wenye kazi ngumu zaidi, maana kocha aweza kufunzwa, lakini baba aliyesimama kwenye mstari hana bosi.

Yule winga hajarudi mazoezini. Juzi saa za mazoezi nilimkuta maskani, amekaa na vijana waliomzidi umri kwa mbali, na sote twajua maskani zetu zina nini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatukuoni uwanjani?"

"Mpira nimeacha, ami. Najiaibisha tu."

Ana miaka 14. Nimepanga kumwendea babake Ijumaa baada ya swala. Kocha nimeshamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kijana anakaa nyumba gani.