Shati la Mtumba Unapatana Bei, Lokesheni Unagawa Bure?

Wadau, sisi watu wa Moshi tunasifika kwa kujua bei. Mtu anasimama pale Memorial dakika kumi anabishania shati la mtumba ili apunguziwe buku. Ila simu ikimuuliza kama inaruhusiwa kujua alipo, anabonyeza kubali hata hajamaliza kusoma. Hapo ndo biashara imeshafanyika, na bei hajauliza.

Sisemi uzime lokesheni. Desemba hii nani atatoka Dar na gari bila ramani? Ile mistari myekundu ya foleni haichorwi na malaika, inatokana na simu za watu walio barabarani mbele yako. Wao wametoa walipo, wewe umepata njia. Kesho na wewe unamchorea mwingine. Hiyo ni biashara halali kabisa.

Mlimani ndo usiseme. Agosti 2022 TTCL walizindua intaneti ya kasi pale Horombo, mita 3,720 juu. Ukizidiwa huko na ugonjwa wa mwinuko, halafu wanaokutafuta wanajua uko wapi, muda haupotei. Bei hiyo mimi nalipa bila kubisha.

Tatizo ni pale tunapochanganya huduma na sifa. Ramani inahitaji kujua ulipo ili ikusaidie. Wafuasi wako wanahitaji kujua ili iweje? Dada yuko Materuni peke yake, anaposti laivu na jina la loji anayolala limo. Kaka anaposti familia nzima imepanda Marangu wiki 2, nyumba ya Kimara imebaki na kufuli tu. Umempa mwizi ratiba na hujamtoza hata mia.

Sio kutishana. Oktoba 2016 staa mmoja wa Marekani, simtaji ila mnamjua, alivamiwa Paris na majambazi wenye silaha, wakaondoka na vito vyake. Mmoja wao alikuja kusema wazi kwamba vito waliviona mtandaoni, na hata siku ya yeye kufika Ufaransa ilikuwa humohumo. Na yule ana hela ya bodigadi. Wewe una nani?

Mtasema sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa zako anatakiwa akwambie anazitakia nini. Safi sana. Ila stori uliyoposti mwenyewe, mtu mbaya akishaiona ameshaiona.

Kwa hiyo patana bei. Programu ya ramani iruhusu pale tu unapoitumia. Mtu wa nyumbani mtumie lokesheni laivu ya WhatsApp, unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, muda ukiisha inajizima. Picha za Materuni ziposti ukisharudi mjini. Maporomoko hayahami, na laiki zitakuja tu.

Na usiniambie mbona mastaa wanataja hoteli waliyofikia. Staa akiitaja huenda kalipwa. Wewe umelipa chumba, halafu unawatangazia bure.

Haya, niambie hapo chini: simu yako sasa hivi, programu ngapi zinajua ulipo? Fungua mipangilio uhesabu kwanza, ndo uje kubisha.