Mwenda bure si mkaa bure

Mwaka huu, katika somo la tafsiri, tulipewa ukurasa mmoja wa Kiingereza juu ya watu wanaozunguka vijiji vya Uingereza kwa baiskeli, polepole, wakisimama hapa kunywa chai na pale kutazama kanisa la zamani. Tuuweke kwa Kiswahili. Maneno yenyewe hayakuwa magumu: baiskeli tunayo, kijiji tunacho, chai tunayo. Kilichotushinda ni sababu. Mwenzangu mmoja aliinua mkono akauliza: «Sasa hawa batu banaenda kufanya nini?» Darasa likacheka. Mwalimu akajibu kwamba hawaendi kufanya kitu, wanatembea tu. «Basi tuandike kwamba wanatembea bure», akasema yule, na wengi wetu tukaandika hivyo.

Tangu siku ile neno hilo halijaniacha. Katika Kiswahili, bure ni kile kisicholipiwa, na bure ni kile kisicho na faida. Ukipewa kitu bure umepata bahati. Ukifanya kazi bure umepata hasara. Lugha yetu imeyaweka mambo hayo mawili katika neno moja, na methali zake zinabishana juu yake. Moja inatuonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Nyingine inajibu kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Maoni yangu ni haya: fakulte yetu imejifunza vizuri ile methali ya kwanza, na imesahau ya pili. Sisi tunaosoma lugha za Afrika tumekuwa wakaa bure, na kinga ingeweza kutusaidia.

Nimesema kinga, wala si baiskeli, kwa makusudi. Hilo ndilo neno letu la mtaani, na ndugu zake wako karibu: Kibemba kinasema incinga, Kirundi kinasema ikinga. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umenunua kinga, atafikiri umetoka duka la dawa. Vyombo vyake navyo vimepita njia tofauti. Huko pwani breki na spoki zimetoka kwa Kiingereza. Kwetu fundi chini ya mti anakuuliza habari ya gido, shene na pedale. Chuma ni kilekile, lakini kila upande umekibatiza kwa mkoloni wake.

Msiniambie kwamba kutembea kwa kinga ni mambo ya wazungu. Nkambo wangu alifanya kazi kwenye mgodi miaka mingi, na kitu cha kwanza alichonunua kwa mshahara wake kilikuwa kinga. Siku za kazi ilimpeleka kazini. Jumapili aliipangusa kwa kitambaa na mafuta, akavaa koti, akampakia nkambo mwanamke nyuma, wakatoka Katuba kwenda kusalimia watu. Wakati mwingine waliowaendea hawakuwapo, wakarudi. Hakuna aliyesema siku hiyo imepotea. Nkambo mwanamke anaisimulia mpaka leo, na hasimulii walipofika, anasimulia njia.

Tena, hata starehe ya wale Waingereza ina mkono wetu ndani yake. Klabu yao ya watembezi wa baiskeli ilianzishwa mwaka 1878, wakati magurudumu yalikuwa magumu na yanayotikisa mifupa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya kumiliki ubunifu wa tairi la mpira lenye hewa, na baiskeli ikawa laini, ikapendwa na watu wengi. Mpira huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo ya Leopold wa Pili, ambako watu walilazimishwa kuukusanya kwa mijeledi na bunduki. Basi mtu akiniambia kwamba kutembea polepole kwa kinga si urithi wetu, nitamjibu kwamba wazee wetu walikwisha kulipa bei yake. Kilichobaki ni kupanda.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, tulipanda. Tulikuwa watatu, wawili sisi wanaume na dada mmoja wa mwaka wetu, na kinga tatu za kuazima. Tulitoka alfajiri kwenda upande wa Kipushi, karibu kilomita 30, kwenye mpaka wa Zambia. Hatukuwa na fomu ya maswali, wala mashine ya kurekodi, wala barua yenye muhuri. Tulikubaliana jambo moja tu: anayechoka anasema, na wote tunasimama.

Wanaoingia mjini saa ile ni wabeba makala. Mmewaona: mifuko imepangwa kwenye kinga mpaka inampita mtu kimo, naye anaisukuma kwa mguu, kwa sababu mzigo ule hauendeshwi. Wao walitutazama sisi tunaokwenda kinyume, mikono mitupu, na swali lilikuwa lilelile la darasani. «Munauzisha nini?» Hatuuzishi kitu, tunatembea tu. «Bure? Batoto ba iniversite, muna akili, na munatembea bure?» Walicheka, na sisi tukacheka, lakini sikufurahi sana. Kuwa na kinga isiyo na mzigo mbele ya mtu anayesukuma mzigo wa nyumba nzima si jambo la kujivunia.

Hata hivyo, kicheko kile ndicho kilichotusimamisha. Baba mmoja alikuwa anapumzika kando ya njia, kinga yake imeegemea mti mfupi wenye panda, uliokatwa kwa kazi hiyo. Nikamwamkia, «Jambo, papa», nikamwuliza ule mti unaitwaje. Akasema: «Huyu ni konvwayeri wangu.» Konvwayeri, mnajua, ni yule kijana wa kwenye lori anayepakia, anayeshusha, anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu. «Shofa haachi konvwayeri nyumbani», akaendelea. «Nikimsahau, ninalala umesimama.» Yaani hawezi kuiacha kinga ijiegemeze, hivyo hawezi kukaa chini. Katika jina moja la utani mlikuwamo neno la Kifaransa lililohama, kifaa kisicho na kamusi, na kazi nzima ya mtu. Hapakuwa na swali katika fomu yoyote ambalo lingelileta. Orodha ya Swadesh tunayobeba kila mwaka inauliza neno la kutembea. Haiulizi mtu anaegemea nini akichoka.

Mbele kidogo tuliomba maji kwenye nyumba moja. Mama mzee mwenye nyumba alikuwa akizungumza na jirani yake kwa Kilamba. Wajukuu walipokuja aliwageukia kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kiswahili. Sisi alitusalimia kwa Kifaransa, kwa kuwa dada yetu alivaa miwani. Kabla maji hayajaisha tulikuwa tumesikia lugha tatu, na tumeona kwa macho lugha moja inaishia wapi: kati ya mkeka wa mama na mlango ambako watoto walisimama. Jambo hilo tunalisoma vitabuni kwa jina refu. Pale lilikuwa na hatua nne tu.

Sasa tazameni kazi zetu za mwisho wa masomo. Wengi tunaandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi kutoka Kenya, Katuba na Kamalondo, kwa sababu taksi zinafika huko. Tunakwenda na fomu, tunakaa saa mbili, tunarudi. Tunaulizwa tulikusanya nini. Hatuulizwi tulipita wapi. Gari linakupeleka kwa mtu uliyemchagua kabla ya kumwona. Miguu ni mizuri lakini haifiki mbali. Kinga inafika mbali, na bado ni ya polepole kiasi cha kumsikia mtu anayekucheka.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba kutembea si utafiti. Ni kweli, kunautangulia. Baada ya safari ile nimerudi mara mbili, safari hizi nikiwa na daftari na ruhusa ya wenyewe. Lakini nisingejua nirudi kwa nani.

La pili ni hatari, na hili silipuuzi. Malori ya mgodi hayana subira, na kando ya lami hakuna nafasi ya kinga. Tulishuka kwenye vumbi zaidi ya mara kumi. Lakini hata njia za Uingereza hazikuota zenyewe. Ile ya kutoka Bristol mpaka Bath, kama kilomita 20, imepita juu ya reli iliyofungwa. Ilijengwa kati ya 1979 na 1986, na watu wa kujitolea waliibeba kazi hiyo. Kwetu njia ya kwanza iwe ya mbeba makala, kwa kuwa yeye ndiye anayekufa barabarani. Barabara itakayomwacha yeye afike salama itatufikisha na sisi. Mpaka hapo, tuchague njia za udongo, twende mchana na twende wengi.

La tatu halisemwi kwa sauti, nalo ni aibu. Mwanafunzi wa Kasapa juu ya kinga ataonekana na binamu zake, watasema masomo yamemshinda, ameanza biashara ya makala. Nakiri kwamba tulipokaribia campus jioni, nilishuka, nikaisukuma kinga kana kwamba si yangu. Dada yetu hakushuka. Alipita mbele ya watu wote, na kengele akapiga.

Ombi langu kwa walimu na wenzangu ni dogo. Jumamosi moja kwa kila nusu mwaka, darasa moja la lugha za Afrika litoke mjini kwa kinga, bila fomu. Kila mmoja arudi na neno moja ambalo hakulitafuta, aeleze amelisikia wapi, kwa nani, na kwa nini lilisemwa. Lisipopatikana, aeleze njia.

Ile tafsiri tuliisahihisha na kuirudisha. Katika nakala yangu mwalimu alipiga mstari chini ya «wanatembea bure», akaandika pembeni: maana si hiyo. Nimeiacha kama ilivyo. Naona sasa kwamba maana ni hiyo hasa, mradi methali imaliziwe.