Omena Kwenye Mkebe wa Mtoto
Akina mama wa Japani hupanga bento ya mtoto, yaani chakula cha kubeba mkebeni, kwa ustadi: wali umefinyangwa kama sungura, karoti imekatwa kama ua. Mzazi wa Homa Bay au Migori anayetaka kumfurahisha mwanawe vivyo hivyo asikimbilie soseji na krispi za dukani. Kabondo, huko Homa Bay, kuna viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A tele. Vikikatwa vipande vya duara vinapendeza ajabu kando ya sukuma wiki. Ziwa Victoria nalo linatupa omena, samaki anayeliwa mzima na mifupa yake, yenye kalsiamu. Mkaange akauke kabisa, apoe kabla ya kufunika mkebe, la sivyo mvuke utamlainisha. Wazazi, Jumatatu tujaribuni.