Ahadi ni Deni: Kisa cha Mtambo wa Michezo wa Familia

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Neno hilo husemwa zaidi baina ya ndugu na majirani, lakini humhusu pia mfanyabiashara apokeaye fedha za watu kwa bidhaa ambayo bado haijaundwa. Mfano ulio wazi umetokea nchini Marekani, katika jitihada za kufufua mtambo wa zamani wa michezo ya televisheni ili wazazi na watoto wapate tena kucheza pamoja sebuleni. Kisa hicho chafaa kujulikana na kila mzazi ashikaye mkoba wa nyumba.

Mtambo huo uliitwa Intellivision, jina lililotokana na maneno yenye maana ya televisheni yenye akili. Uliundwa na kampuni ya Mattel, ile ile itengenezayo mwanasesere Barbie. Ulijaribiwa sokoni mwaka 1979 katika mji wa Fresno, jimbo la California, na mwaka uliofuata ukauzwa nchi nzima kwa bei ya karibu dola 300. Mchezaji alishika mkononi kidhibiti chenye vibonyezo 12 mithili ya vile vya simu, na chini yake kisahani cha kuelekeza pande 16. Kila mchezo ulikuja na vipande vyembamba vya plastiki vilivyochorwa picha, vikawekwa juu ya vibonyezo ili mchezaji ajue kila kimoja chafanya kazi gani. Mshindani wake mkuu alikuwa mtambo wa Atari, uliotangulia kutoka mwaka 1977. Hata hivyo mitambo ya Intellivision iliyouzwa ilizidi milioni 3.

Pamoja na mafanikio hayo, ahadi moja ilikwama. Mattel iliwaeleza wateja kwamba ingetolewa sehemu ya pili yenye kibodi, ambayo ingeugeuza mtambo kuwa kompyuta ya nyumbani. Neno hilo lilikuwa na uzito kwa wazazi, kwani mchezo ambao kesho utakuwa chombo cha elimu ni rahisi kuutetea mbele ya bajeti ya nyumba. Miaka ikapita bila kibodi kuonekana madukani. Kuitengeneza kulikuwa ghali, na zilizoundwa zilikuwa takriban 4,000 tu. Wateja wakalalamika, tume ya serikali isimamiayo haki katika biashara ikaingilia kati, na kampuni ikatozwa faini. Mwaka 1983 ilitolewa kibodi nyingine, ndogo na ya bei nafuu zaidi, lakini wakati huo soko la michezo ya televisheni nchini Marekani lilikuwa linaporomoka. Mwanzoni mwa mwaka 1984 Mattel ikaachana na biashara hiyo.

Zaidi ya miaka 30 ilipita. Watoto waliochezea mtambo ule wakawa wazazi, na nyumba zao zikawa na hali mpya: kila mtu ameinamia simu yake, na jamaa wanne wakaao sebule moja hawana la kushirikiana. Mwaka 2018 mtunzi wa muziki wa michezo ya kompyuta, Tommy Tallarico, alitangaza mpango wa kuutibu ugonjwa huo. Kampuni yake ingelifufua jina la Intellivision kwa mtambo mpya uitwao Amico, neno la Kiitaliano lenye maana ya rafiki.

Mpango wenyewe ulipendeza. Michezo yote ingefaa kuchezwa mbele ya watoto, isiyo na damu wala matusi. Kusingekuwa na matangazo ya biashara, wala hila za kumshawishi mtoto anunue kitu katikati ya mchezo. Bibi asiyewahi kushika kidhibiti angeweza kucheza na mjukuu wake, na simu zile zile zilizowatenganisha jamaa zingetumika kuwaunganisha, kwani kila simu ingeweza kuwa kidhibiti cha ziada. Siku ya kuanza kuuzwa ilitajwa kuwa tarehe 10 Oktoba 2020.

Watu wakaamini. Wateja wengi walitoa arbuni ya dola 100 ili wasikose nafasi, na mamilioni ya dola yalikusanywa kutoka kwa wawekezaji, wakubwa kwa wadogo. Kisha zikaanza nyakati za kusubiri. Maradhi ya Uviko yalivuruga viwanda duniani, siku ikasogezwa hadi Aprili 2021, ikasogezwa tena hadi Oktoba, na hatimaye hapakuwa na siku iliyotajwa. Bei nayo ilipanda, kutoka dola zisizozidi 180 zilizotajwa mwanzoni hadi 250. Mwaka 2021 maboksi ya michezo yaliuzwa kwa wateja ilhali mtambo wa kuichezea haujatoka. Mwezi Februari 2022 Tallarico aliacha uongozi, na baadaye wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Wateja wakadai arbuni zao, na baadhi yao wakangoja muda mrefu.

Kila mtu humjua fundi cherehani apokeaye arbuni ya nguo za sikukuu, kisha kila siku akasema njoo kesho. Pengine si mwizi. Huenda alijitwisha kazi isiyolingana na cherehani yake. Lakini asubuhi ya sikukuu ikifika, mtoto hana nguo, na nia njema ya fundi haimvishi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Amico. Yapo mengi ya kuaminika katika nia ya waliotaka kuwakutanisha jamaa, ila mzazi aliyetoa fedha hakununua nia.

Kilichofuata ni cha kufundisha. Mwaka 2023 kampuni ilitoa programu ya kuchezea baadhi ya michezo hiyo kwa simu na kompyuta bapa ambazo watu walikuwa nazo tayari. Mwezi Mei 2024 jina la Intellivision pamoja na michezo zaidi ya 200 vilinunuliwa na Atari, mshindani wake wa tangu zamani. Hadi hapo mtambo wa Amico haukuwa umeingia madukani. Mwishoni mwa mwaka 2025 Atari ikauza mtambo mdogo wenye jina la Intellivision, michezo ya kale 45 ndani yake, vidhibiti viwili visivyo na waya, na vile vipande vya plastiki vyenye picha. Haukuahidi kuponya sebule ya mtu. Uliahidi michezo 45, ukaja nayo.

Wazazi wana mambo matatu ya kuokota hapa. Kwanza, bidhaa inunuliwe kwa kile inachoweza kufanya leo, maana sehemu iliyoahidiwa kuja baadaye huenda isije, kama ilivyokuwa mwaka 1980 na tena mwaka 2020. Pili, arbuni itolewe kwa kiasi ambacho nyumba inaweza kukipoteza bila watoto kulala njaa, na stakabadhi itunzwe. Tatu, tarehe ikisogezwa mara ya pili, ndio wakati wa kudai fedha, kabla kisima hakijakauka.

Ama haja iliyoanzisha yote haya, haja ya wazazi na watoto kucheza pamoja, bado ipo na ni ya haki. Lakini haikuhitaji kungoja meli itoke ng'ambo. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 8 arbuni ilipotolewa alitimiza 12 huku boksi likisubiriwa, na jioni zote zile baba yake alikuwa nyumbani.