Maji ya mvua ya Cibitoke yasikimbizwe ziwani

Mvua kubwa ikinyesha kwenye vilima vya Mirwa, maji hayakawii kuifikia Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, na kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika safari ni fupi. Mipango yetu ya mitaro imekuwa na nia moja: maji yaondoke upesi. Nia hiyo inaeleweka katika mji ambao usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 ulipoteza watu zaidi ya 60 kwa mafuriko katika mitaa yake ya kaskazini. Lakini maji yanayokimbia hayaendi mikono mitupu. Hubeba udongo, mafuta ya magari, taka za soko na vinyesi vya vyoo vilivyofurika. Na mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo chafu zaidi, kwa kuwa hufagia uchafu wa miezi mizima. Yote hayo huishia katika ziwa ambamo REGIDESO, shirika la maji, huteka maji ya kunywa ya mji huu. Ziwa lenyewe lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo mamia ya miaka. Tunachokitupa leo hatutakiona kikiondoka.

Kwa hiyo nadai kwamba maji hayo yanapaswa kucheleweshwa kwa makusudi, na kucheleweshwa kwa akili. Maji yakituama, udongo hushuka chini pamoja na sehemu kubwa ya uchafu ulioshikamana nao. Bwawa la kawaida lenye tundu lililo wazi daima halifanyi kazi hiyo vizuri, maana mvua ndogo, ambayo pia ni chafu, hupita moja kwa moja. Tundu hilo likiwekewa lango linaloongozwa na kipimo cha kina cha maji na utabiri wa mvua, mambo hubadilika: lango hufungwa mvua inapoanza, hufunguliwa polepole baada ya siku moja au mbili, na dhoruba ikitabiriwa bwawa humwagwa mapema ili kuipa nafasi. Mji wa South Bend, Marekani, wenye watu takriban laki moja, ulitandaza vipimo na malango ya aina hii katika mabomba yake, ukapunguza kwa zaidi ya asilimia 70 maji machafu yaliyokuwa yakifurikia mtoni. South Bend ina mabomba yanayochanganya maji taka na ya mvua, sisi tuna mitaro ya wazi, kwa hiyo asilimia hiyo haihamishiki kwetu. Kinachohamishika ni kanuni: nafasi iliyopo itumike kwa wakati unaofaa kabla ya kutafuta fedha za kujenga nafasi mpya.

Wapo watakaosema maji yaliyotuama yanaleta malaria. Hoja hiyo ni nzito, lakini inaunga mkono lango kuliko kulipinga: mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, na bwawa linalokaushwa ndani ya siku mbili halimpi muda huo. Dimbwi la mtaro ulioziba, ambalo hakuna anayelikausha, ndilo linalomlea. Umeme ukikatika? Vipimo na mota ndogo ya lango huweza kutumia paneli ya jua na betri, na lango litengenezwe ili likiharibika libaki wazi, hasara ikiwa ni kurudi tulipo sasa. Kuhusu wizi wa vifaa sina jibu zuri kuliko mlinzi anayelipwa kwa wakati. Pingamizi ninalolikubali kabisa ni la taka: chupa za plastiki zitakwamisha lango lolote, na mashine haitazoa matope ya bwawa. Bila uzoaji wa taka unaoaminika, mradi huu ni pesa iliyotupwa mtaroni. Wala maji yaliyotulia si salama kunywa; vyoo bado vinahitaji kushughulikiwa, na kipindupindu kilichotangazwa mwanzoni mwa 2023, Bujumbura Kaskazini ikiwemo, kilitukumbusha hilo.

Tarafa ya Ntahangwa ianze na bwawa moja dogo juu ya Cibitoke, kabla maji hayajafika kwenye nyumba, na IGEBU, taasisi ya hali ya hewa, iwape wasimamizi wake taarifa za mvua kila siku. Maji yapimwe yanapoingia na yanapotoka kwa msimu mzima, kuanzia mvua za kwanza hadi Mei, na vipimo hivyo vibandikwe hadharani. Vikionyesha hakuna tofauti, lango ling'olewe.