Unaoga na Patapata Ndio Stima Isikurushe? Soma Hii Kabla Ulipe Deposit

Kuna sheria za ploti hazijaandikwa kwa ukuta ju kila mtu anazijua. Usianike nguo kwa kamba ya jirani. Usigonge geti na kelele saa saba usiku. Na usioge bila patapata.

Hiyo ya mwisho ndio inafaa kutushtua. Nikihamia bedsitter yangu ya kwanza, caretaker aliniambia bila hata kupepesa macho, "Ukifunga mfereji shika na taulo, hiyo shawa huwanga na ujeuri kidogo." Ujeuri! Stima inapita kwa mfereji na sisi tunaiita tabia. Deposit nilikuwa nishalipa, so nikanyamaza. Mwaka mzima nilioga mbio mbio kama mwizi.

Iko hivi. Hapa Kenya, wiring ya nyumba inafaa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, na akimaliza anaweka sahihi kwa cheti kuonyesha kazi imepimwa. Halafu Kenya Power wanaleta mita, stima inawaka. Hadi hapo mambo yako sawa.

Shida ni kwamba hicho cheti kinaongea kuhusu nyumba ya siku hiyo. Baadaye landlord anaongeza floor mbili. Chumba kimoja kinapigwa ukuta katikati, kinakuwa keja mbili. Mita moja inagawanywa kwa submita kumi. Wewe unakuja na fridge, jirani na koili ya kupika, wa juu anafungua kinyozi. Nani anarudi kukagua? Kwa ploti mingi, hakuna. Na ukifikiri Kenya Power watakuja, kazi yao inaishia kwa mita. Waya za ndani ni mzigo wa mwenye nyumba.

Sasa tupige hesabu ya shawa. Instant shower ya wati 5,500 kwa stima ya volti 240 inavuta karibu ampea 23. Soketi yako ya ukuta ni ya ampea 13. Kwa hivyo shawa inataka waya yake nono, kawaida ya milimita 6, na swichi yake pekee. Fundi wa kuokotwa anavuta ile ya soketi ya 2.5, anapiga plasta juu, analipwa, anaishia. Waya inaanza kuiva ndani ya ukuta na hutajua hadi unuse plastiki ikichomeka.

Ongeza maji ya borehole. Mengi hapa Nairobi yako na chumvi, na maji ya chumvi hupitisha stima vizuri sana. Shawa za bei ya chini koili yake iko uchi ndani ya maji. Kuna za maji ya chumvi zenye koili imefunikwa, lakini hizo bei iko juu kidogo, so unajua ni gani utawekewa. Kama kuna earth, stima ikivuja inashuka chini kwa waya. Kama hakuna, waya ni wewe.

Wenzetu wa England walifanya nini? Tangu 2020 sheria inamtaka landlord aite mtaalamu akague wiring angalau kila miaka 5, na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Hiyo karatasi kwa mkono wa mpangaji ndio siri yote. Wewe ushawahi kuonyeshwa kitu kama hiyo ukilipa deposit? Najua jibu.

Landlord atasema ukaguzi utapandisha rent. Lakini fundi mmoja wa leseni akikagua ploti ya vyumba ishirini, hiyo gharama ikigawanywa haiwezi kulingana na moto wa usiku mmoja.

So kabla utume hiyo doo, uliza vitu tatu. Moja, kwa boksi ya swichi kuna ile yenye kitufe cha T? Kibonyeze: stima ikikatika, hiyo swichi inafanya kazi na inaweza kukuokoa. Mbili, shawa iko na swichi yake na waya ya earth, ile ya kijani na njano? Tatu, nani alifanya wiring, na jina lake liko kwa orodha ya EPRA?

Kama ushahamia, usifungue hiyo shawa mwenyewe na screwdriver. Zima, acha kuitumia, mwandikie landlord kwa WhatsApp ndio kuwe na ushahidi wa tarehe. Afadhali muandike kama ploti nzima, ju mtu mmoja ni rahisi kuambiwa ahame.

Wapangaji wote wakioga na patapata, hiyo shawa haina ujeuri. Nyinyi ndio mmeshafanya ukaguzi, na nyumba imefeli.