Dawa ya Saa Mbili Usiku na Tamthilia Inayofuata

Wazazi wanaoleta watoto wao kliniki hawaulizi kuhusu homa na chanjo peke yake. Mtoto akishatimiza miaka 12 au 13, swali moja hujirudia: "Daktari, huyu nimruhusu kutazama nini?" Jibu letu limezoeleka. Tunasema runinga ipunguzwe, tunataja saa mbili kwa siku, kisha tunamwita mgonjwa anayefuata. Si jibu baya, ila halijibu lililoulizwa. Mzazi ameuliza mtoto atazame nini. Sisi tumemwambia atazame kwa muda gani.

Kiwango hicho cha saa mbili kilienezwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na mwaka 2016 chama hichohicho kiliacha kukitaja kwa watoto wakubwa, kikashauri kila familia ijiwekee mpango wake. Sababu inaeleweka. Mchezo wa Simba na Yanga, filamu ya majambazi na kipindi kuhusu tembo wa Ruaha haviwi kitu kimoja kichwani mwa mtoto kwa kuwa tu kila kimoja kimechukua saa moja. Kuhusu muda, jambo ambalo sina mzaha nalo ni usingizi. Kijana wa miaka 13 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayekesha na tamthilia hadi saa tano usiku, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala, amelala saa 6 tu, na uzuri wa tamthilia hauwezi kumfidia.

Usingizi ukishalindwa, swali la mzazi linabaki palepale. Wengi wana vigezo vyao tayari: kipindi kisiwe na matusi, kisiwe na mapenzi, na kiwe na mafunzo. Viwili vya kwanza sina ugomvi navyo. Hicho cha tatu ndicho kinachonitia wasiwasi. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kuangalia katika kipindi anachotazama kijana wa umri huu ni jinsi kinavyoitendea miili ya watu, hasa miili ya wagonjwa. Na vipindi vinavyofanya vibaya zaidi hapo mara nyingi ni vilevile tunavyovisifu kwa mafunzo yake.

Nianze na miili mizima. Katika jimbo la Nadroga, nchini Fiji, runinga iliingia mwaka 1995. Daktari wa magonjwa ya akili Anne Becker, ambaye pia ni mwanaanthropolojia, aliwapima wasichana wa shule wiki chache baada ya hapo, kisha akapima kundi jingine la wasichana wa shule mwaka 1998. Waliokuwa na dalili za mahusiano mabaya na chakula walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza na asilimia 29.2 mara ya pili. Waliojitapisha ili wapunguze uzito hawakuwapo kabisa mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye walifika asilimia 11.3. Makundi yale yalikuwa madogo, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba runinga ndiyo chanzo pekee. Hata hivyo, ile ilikuwa jamii iliyouheshimu mwili mnene na kuona kula vizuri kuwa adabu. Hakuna mhusika aliyewaagiza wasichana wale wakonde, wala vipindi vyenyewe havikuwa vichafu. Wahusika walipendeza na walikuwa wembamba, basi. Sisi hapa kwetu tuna mkorogo. Mzazi anayetafuta matusi katika tamthilia atazame pia ni mhusika gani anapewa nyumba nzuri na mchumba mzuri, na ngozi yake ina rangi gani.

Mambo ya namna hii hupita kimyakimya. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto wa miaka 10 hadi 14 ambao hawajawahi kuvuta sigara. Waliokuwa wametazama filamu zenye uvutaji mwingi zaidi walijaribu sigara karibu mara tatu ya wale waliotazama uvutaji mdogo kabisa. Kijana wa umri huu hujifunza kwa yale yanayopita nyuma ya hadithi kama anavyojifunza kwa hadithi yenyewe.

Sasa nije kwa mgonjwa. Katika tamthilia na filamu nyingi zinazotazamwa sebuleni kwetu, ugonjwa umegeuzwa kuwa hukumu. Msichana aliyekataa kumsikiliza mama yake huambukizwa VVU karibu na mwisho. Ndugu aliyewadhulumu yatima mirathi hupatwa na wazimu, akaonekana akiokota chakula jalalani. Mwenye kifafa huanguka, povu likamtoka, na anayeitwa kumsaidia ni wa kukemea pepo. Mhudumu wa zahanati haonekani. Familia hutazama pamoja, mama akaguna, "Umeona?", na kipindi kikahesabiwa kuwa chenye mafunzo.

Hadithi za aina hii zina asili yake, na nisingependa kuidharau. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mmoja wa wahusika wake alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, ambaye mwishowe alipata UKIMWI. Kituo cha Dodoma kiliachwa nje ya matangazo hayo hadi mwaka 1995 ili ulinganisho ufanyike, na watafiti walikuta kwamba kule mchezo uliposikika watu walieleza kupunguza idadi ya wenza na kutumia kondomu zaidi. Mchezo ule ulifanya kazi njema. Lakini ulitungwa wakati ambapo hatukuwa na dawa ya kumpa mgonjwa, na hofu ilikuwa miongoni mwa zana chache tulizokuwa nazo. Mwaka 2004 nchi yetu ilianza kutoa bure dawa za kufubaza VVU. Watoto waliozaliwa na maambukizi wakaanza kukua. Leo mwenye VVU anayemeza dawa vizuri, hata virusi vikawa havionekani tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Tiba imebadilika kiasi hicho, na bado watunzi wetu wengi wanaandika kama tuko mwaka 1993.

Hasara ya jambo hili inaonekana nyumbani kwa mtoto anayeishi na VVU. Washauri wetu huwahimiza walezi waifunge dawa na jambo la kila siku ili isisahaulike, na wengi huchagua taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Muziki wa habari unalia, kijana anameza kidonge chake, anarudi kwenye kochi. Habari zikiisha, inaanza tamthilia. Humo anamwona mwenye ugonjwa kama wake akikonda, akikimbiwa na marafiki, akifa huku akiomba radhi kwa uasherati wake. Kijana huyu yuko katika umri ambao ametoka kuelezwa hali yake, au anaelezwa polepole. Ameambiwa kwamba alizaliwa nayo. Basi anakamilisha hesabu mwenyewe: kama ugonjwa huu ni malipo ya uasherati, na yeye hajafanya lolote, mwenye kosa ni mama yake, aliyekaa kando yake akimenya chungwa. Hakuna anayemsikia akifikiri hivyo. Sisi tutamwona miezi kadhaa baadaye, vidonge vikiwa vimebaki vingi chupani, nasi tutaandika kwenye faili kwamba ufuasi wake wa dawa si mzuri.

Sidai kwamba tamthilia ndiyo inayoangusha ufuasi wa dawa. Njaa, aibu ya bweni, walezi wanaobadilika kila muhula, yote hayo yamo. Ninachosema ni kwamba tunatumia saa nzima ya ushauri nasaha kumwambia mtoto kuwa ataishi, kisha hatuulizi runinga inamwambia nini kila jioni.

Pengine msomaji atasema mtoto hujua kutofautisha mchezo na ukweli. Hata wakubwa hatujui sana. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walihesabu jinsi vipindi vitatu vya runinga vya huko vilivyoonyesha wagonjwa ambao moyo umesimama wakihuishwa kwa kukandamizwa kifua. Robo tatu walizinduka papo hapo, na theluthi mbili walionekana kupona na kwenda nyumbani. Kila aliyefanya kazi katika idara ya dharura anajua ukweli uko mbali kiasi gani na hapo, na anajua pia uso wa ndugu aliyetarajia kuona yale ya kwenye runinga.

Mzazi achague vipi, basi? Alama za umri zitamsaidia kiasi. Bodi ya filamu ya Kenya, kwa mfano, hupanga filamu kuwa za watu wote, za kutazamwa kwa mwongozo wa mzazi, za miaka 16 na za miaka 18. Mwenye miaka 13 ameangukia katikati, na pale panaposemwa "mwongozo wa mzazi" kazi imerudishwa kwa mzazi mwenyewe. Namshauri atazame sehemu moja au mbili kabla ya mtoto, na amtafute mgonjwa, mlemavu au maskini aliyemo. Je, ana jina? Ana jambo jingine analolifanya zaidi ya kuugua? Akipelekwa hospitali, anapata nafuu, au hospitali ni mahali pa kufia tu? Kikitokea kicheko, anachekwa nani?

Swali hilo la mwisho nalipenda kuliko mengine kwa sababu ya Fataki. Wengi tunayakumbuka matangazo yale mafupi ya redio yaliyoanza mwaka 2008, kuhusu mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Aliyechekwa ni yeye. Jirani au muuza duka aliingilia kati, fataki akaondoka ameaibika, msichana akabaki na heshima yake. Neno likaingia mitaani, na wasichana wakapata jina la kumwita mtu ambaye kabla ya hapo alijulikana kama mjomba mkarimu. Hakuna aliyehitaji kuugua wala kufa ili funzo lieleweke.

Katika vipindi vya leo, Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, ni kizuri, ingawa mwenye miaka 13 atakwambia ni cha watoto. Mwache akitazame kwa kisingizio cha kukaa na mdogo wake. Mfululizo wa Shuga, ulioanzia Kenya mwaka 2009, unazungumzia upimaji wa VVU bila kumhukumu mtu, na utafiti uliofanywa Nigeria ulikuta kwamba vijana walioonyeshwa walijitokeza zaidi kupima. Lakini ulitungwa kwa ajili ya vijana wakubwa kuliko huyu. Kwa miaka 13 ningetaka mtu mzima awe chumbani. Vipindi vya wanyama, vya mapishi, vya ufundi, sioni tatizo. Mpira wa miguu nao huonekana salama kabisa, na mchezo wenyewe ni salama. Matangazo ya kubashiri matokeo yaliyouzunguka ndiyo si salama kwa mtoto, naye atajua kuchana mkeka kabla ya kujua kanuni ya kuotea. Hapo mzazi atumie dakika 15 za mapumziko kuzungumza.

Kuzungumza si kuhutubia. Kijana akisikia sauti ya mahubiri huondoka, au hubaki na masikio yakaondoka. Katika ile tamthilia ya VVU, inatosha mama aseme, macho yakiwa kwenye runinga, "Huyu mtunzi wa zamani huyu. Siku hizi mtu anameza dawa, anaoa, anazaa watoto wazima." Aseme kwa wote waliopo bila kumtazama yeyote, kwa kuwa huenda ndugu wengine hawajaelezwa siri ya nyumba. Anayehusika atasikia. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa aseme vivyo hivyo kuhusu povu na pepo.

Nasi wahudumu tuna sehemu yetu. Katika mahojiano na kijana tunauliza kuhusu shule, chakula, marafiki na pombe, tuongeze, "Jioni huwa unatazama nini?" Majibu hutoka haraka kuliko kwa swali jingine lolote, na mara nyingi yanafungua mlango wa yale mengine.

Halafu tutazame ukuta wetu wenyewe. Nimepata kukaa katika chumba cha kusubiri cha kliniki moja ya tiba na matunzo, siku ya vijana, runinga ikiwa imewekwa juu ili wote waione. Ilikuwa ikionyesha filamu ya kijiji kizima kikimfukuza mwanamke mgonjwa. Vijana zaidi ya 20 walikuwa wameinua vichwa. Rimoti ilikuwa kwenye droo ya mapokezi, na hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kuishika. Kila kituo kimtaje mtu mmoja wa kuishika. Siku za kliniki ya vijana aweke kipindi ambacho yeye mwenyewe amekitazama hadi mwisho, na sauti iwe ya chini kiasi cha mgonjwa kusikia jina lake linapoitwa.